Mbwa wangu anamaliza ndoo ya maji, mume wangu hataki kusikia habari za kisu

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Iyunga hapa Mbeya. Nina mbwa jike anaitwa Popi, ana miaka minne, na paka dume tuliyempa jina la Mjumbe kwa sababu hakuna nyumba mtaani ambayo hajaingia kuulizia habari. Naandika kwa sababu nyumbani hatuelewani, nikaona nikuulize wewe kabla sijaamua peke yangu.

Popi amezaa mara tatu. Mara ya mwisho alileta watoto wanane. Wanne nilipata wa kuwapa, wawili walikufa, wawili mume wangu aliwapeleka sijui wapi na mpaka leo sijamuuliza. Akiingia kwenye joto, madume wanakuja mpaka wa ng'ambo ya reli. Wanalala getini, wanapigana usiku kucha, wanachimba chini ya uzio, na majirani wananisema mimi.

Mwezi wa tatu alipoanza tena kutoa damu nilikwenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale akanishauri achomwe sindano ya uzazi wa mpango, ileile ya miezi mitatu wanayochomwa kina mama zahanati. Akamchoma. Kweli hakushika mimba, nikashukuru. Ila jirani yangu mmoja ambaye ni nesi amenikemea, kaniambia nisirudie, ndiyo nikaanza kufikiria atolewe kizazi kabisa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Baba watoto anasema mbwa akitolewa kizazi anakuwa zezeta, ananenepa, habweki, mwizi anamruka tu. Mama mkwe naye anasema ni kumwonea kiumbe wa Mungu. Halafu kuna kijana mtaani anayehasi nguruwe na mbuzi wa watu. Anasema Mjumbe ni kazi ya dakika mbili: anamtumbukiza kwenye buti la mvua kichwa chini, miguu ya nyuma inabaki nje, wembe, kwisha. Sindano ya usingizi anasema ni kupoteza hela. Na Popi pia anasema anamuweza, vifaa atavichemsha. Bei yake kwa wote wawili haifiki hata robo ya aliyonitajia daktari.

Wifi yangu wa Makambako naye kanichanganya zaidi. Mbwa wake alitapika karibu wiki nzima, wakampasua tumbo, wakatoa gunzi la mahindi. Mbwa wetu wanatafuna magunzi tangu nazaliwa! Naomba uniambie ni mambo gani hasa yanayomfikisha mbwa au paka kwenye kisu, nisije nikababaishwa na watu wanaotafuta hela.

Samahani barua imekuwa ndefu. Jambo moja dogo la mwisho: siku hizi Popi amekuwa mvivu, ugali hamalizi, lakini maji anakunywa mno. Anamaliza bakuli lake anafuata ndoo ya bafuni. Na kwenye gunia analolalia nimeona uchafu wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na damu, unanuka. Nadhani joto limerudi kwa vile sindano imeisha nguvu. Nimpe dawa ya minyoo kwanza?

Mama Popi, Iyunga

JIBU

Marahaba mama. Hilo jambo dogo la mwisho ndilo lililonifanya nikupigie simu jioni ileile barua ilipofika, na ukaona nimeruka hata salamu. Mbwa jike mwenye kizazi, aliyetoka kwenye joto wiki chache zilizopita, anayekunywa maji kupita kiasi, anayekataa chakula na kutoa uchafu unaonuka: kwetu huyo ni mgonjwa wa usaha kwenye mfuko wa uzazi, na mengine tunayachunguza akiwa ameshafika mezani. Huyo hangoji dawa ya minyoo, hangoji mshahara, hangoji baba watoto akubali. Nashukuru ulimpakia kwenye bajaji asubuhi yake. Sasa kwa kuwa amepasuliwa na yuko nyumbani, na umeniruhusu kuichapisha barua, nitayajibu na yale mengine.

Kwanza nieleze kilichompata, maana wengi wanadhani ni ugonjwa wa mbwa wachafu. Jike akimaliza joto, awe amepandwa au hakupandwa, mwili wake unaendelea kwa miezi miwili hivi kana kwamba una mimba. Homoni ya projesteroni inabaki juu, ukuta wa kizazi unanenepa na kutoa majimaji, na kinga ya mahali pale inalegea ili kama kuna mimba isifukuzwe. Bakteria waliopanda wakati wa joto, mlango ulipokuwa wazi, mara nyingi ni walewale wa kwenye kinyesi. Wanakuta chakula kipo na mlinzi kalala. Sumu yao ikiingia kwenye damu inavuruga figo, figo zinashindwa kubakiza maji mwilini, mbwa anakojoa ovyo na kiu haimwishi. Ndiyo sababu ya ile ndoo ya bafuni.

Ile sindano ya kina mama imetengenezwa kwa homoni ya jamii hiyohiyo ya projesteroni. Kumchoma mbwa jike, tena akiwa ameshaanza joto, ni kumwongezea kile ambacho mwili wake ulikuwa unakwenda kukitoa kwa wingi wenyewe. Usaha huu huwapata hata wasiochomwa kitu, lakini sindano hizo huongeza hatari yake, na huongeza hatari ya uvimbe wa matiti pia. Nesi wako alikuwa na haki ya kukukemea.

Mwenzangu aliyempasua alinitumia picha. Kizazi cha mbwa kina pembe mbili ndefu, na kwa mbwa mzima wa uzito wa Popi kila pembe ni nyembamba kuliko kidole changu kidogo. Za Popi zilikuwa zimevimba kama mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli uliojazwa maji, zimejikunja zimejaza tumbo. Na bado huyu alikuwa na bahati, kwa sababu mlango wake wa kizazi ulikuwa umeachia kidogo, ukaona uchafu kwenye gunia. Wapo ambao mlango umefunga kabisa. Hao hawatoi hata tone, tumbo linajaa, wanatapika, wanalala chini, na kizazi kinaweza kupasukia ndani. Kwa hiyo msomaji mwenye jike, ukiona kiu ya ajabu mwezi mmoja au miwili baada ya joto, usingoje uchafu.

Tiba yake kwa kawaida ni dripu kwanza ili damu izunguke vizuri, antibiotiki, halafu kisu: kizazi chote na vifuko vya mayai vinatoka. Sindano ya OTC peke yake, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, ile inayochomwa kwa kila ng'ombe anayekohoa, inaweza kushusha homa siku mbili mkafurahi. Usaha unabaki palepale.

Na si joto lililorudi. Mbwa jike huingia kwenye joto kila baada ya miezi sita hivi, wengine saba au zaidi. Kinachotoka wiki sita baada ya joto kwisha kinatafutiwa sababu nyingine. Sababu mojawapo ya damu isiyokoma, hasa kwa mbwa wanaozurura na kupandana ovyo, ni uvimbe wa sehemu za siri, mwekundu, wenye vipele vipele, unaovuja damu ukiguswa. Hiyo ni saratani ya aina yake, maana chembe zake zenyewe ndizo zinazohama kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wakati wa kupandana. Dume hupata pia. Nautaja kwa sababu ni ugonjwa ambao watu hukimbilia kuukata wakati kisu si tiba yake nzuri: ukikatwa mara nyingi unarudi, ila kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, wengi hupona kabisa. Daktari anayejua kazi yake kuna siku atakwambia usipasue.

Nije kwa baba watoto, ambaye hoja yake si ya kupuuzwa, maana mbwa wa nyumbani kwenu ana kazi. Mwambie hivi: homoni za uzazi za Popi zilikuwa zinapanda wakati wa joto na ile miezi miwili inayofuata. Miezi iliyobaki mpaka joto jingine zilikuwa chini kabisa, na katika miezi hiyo Popi alikuwa anabweka, anamfukuza muuza mitumba, anamjua mwenye nyumba na mgeni. Baada ya upasuaji atakuwa hivyo mwaka mzima. Hata dume akihasiwa, kinachopungua ni kuzurura kutafuta majike, kupigana kwa ajili yao na kukojolea kila nguzo. Kulinda mji wake hakutegemei korodani. Kunenepa ni kweli, hapo hajakosea. Mnyama aliyehasiwa anatumia nguvu kidogo na anapenda kula zaidi. Punguza chakula karibu robo, umwangalie mbavu: ukipapasa uzisikie bila kubonyeza sana. Anayenenepa kupita kiasi ni yule anayepewa sahani ileile ya ugali na mabaki ya watoto juu yake.

Kwa mama mkwe sina mengi, na simwombei ugomvi. Mbwa hahitaji kuzaa ili awe na afya. Kinyume chake, jike anayetolewa kizazi kabla ya joto lake la kwanza hupungukiwa sana na hatari ya uvimbe wa matiti, na kadiri anavyopita joto la pili na la tatu faida hiyo inayeyuka. Kwa Popi imeshapita. Kwa mtoto wake wa kike uliyempa jirani bado ipo. Mbwa wetu wa kawaida wa nyumbani umri wa miezi sita unatosha. Wale wa miili mikubwa, wa jamii ya mbwa wa polisi, madaktari wengi husubiri mwaka au zaidi ili mifupa ikomae. Na asipelekwe akiwa kwenye joto, mishipa inakuwa imejaa damu. Miezi miwili au mitatu baadaye ndiyo wakati mzuri. Popi hakuwa na nafasi ya kungoja.

Sasa huyu kijana wa wembe.

Nimemwona wa namna yake Mafinga, nimemwona Tukuyu, na mara nyingi ni kijana mzuri tu mwenye mikono myepesi. Tatizo ni mnyama aliye ndani ya lile buti. Anasikia kila kitu. Paka mwenye maumivu na hofu ya kiasi kile atauma, na akimuuma mtu, hasa kama paka hana chanjo, hiyo ni safari ya kwenda hospitali kupata sindano za kichaa cha mbwa. Akifunguliwa atakimbia chini ya uvungu na kidonda kibichi. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama, na mimi sioni namna ya kumkata mnyama akiwa macho halafu ukasema si ukatili.

Kwa Popi hali ingekuwa mbaya zaidi. Kutoa kizazi cha jike ni kufungua tumbo na kufunga mishipa mikubwa ya damu, mmoja mmoja, kwa uzi usioteleza. Mshipa wa kifuko cha mayai ukiponyoka unarudi ndani kabisa karibu na figo, na mbwa anaweza kuishiwa damu tumboni huku kwa nje umeona kidonda kimeshonwa vizuri. Hapo wembe na moyo wa ujasiri havisaidii.

Halafu hilo la kuchemsha vifaa. Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100, na Njombe ambako ni juu zaidi huchemka kwa joto dogo zaidi. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva. Lakini hata wa Dar es Salaam wanaochemshia kwenye 100 hawaui mbegu za bakteria wa pepopunda kwa sufuria la kawaida. Vifaa vya upasuaji vinawekwa kwenye mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121, robo saa au zaidi. Ukifika kliniki usione aibu kuuliza vifaa vilisafishwaje. Daktari aliyejiandaa hakasiriki, anakuonyesha chombo.

Na uliza mengine. Mbwa anapimwa uzito kwenye mizani au kwa macho? Dawa za nusu kaputi tunazozitumia sana, zailazini na ketamini, hupigiwa hesabu kwa kilo. Ukikisia ndipo mbwa anapoamka katikati ya kazi au asiamke kabisa. Nani anaangalia pumzi na mapigo ya moyo wakati daktari ameinamia tumbo? Anapewa dawa ya maumivu akiamka? Kabla ya yote, je, alifunuliwa mdomo? Fizi zinatakiwa kuwa za pinki. Ukibonyeza kwa kidole panakuwa peupe, halafu damu irudi ndani ya sekunde mbili. Huku kwetu kupe ni wengi, na homa za kupe hula damu na kuharibu uwezo wake wa kuganda. Mbwa mwenye fizi nyeupe anayepasuliwa bila dharura anapelekwa kwenye hatari bure. Anatibiwa kwanza, kisu kinafuata.

Jambo la mwisho katika hilo ni cheti. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka Baraza la Veterinari, na daktari wa mifugo anatakiwa kuwa amesajiliwa huko. Wataalamu wasaidizi nao wanaandikishwa, wanafanya kazi nyingi na nzuri, lakini chini ya usimamizi wa daktari. Kama humjui mtu wa kumwamini, anzia ofisi ya mifugo ya halmashauri yako wakuelekeze. Kwa mambo mazito, mifupa iliyosagika kwa mfano, watu wa nyanda za juu husafiri mpaka Morogoro kwenye hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Bei nayo isikilize vizuri: uliza kama ndani yake kuna dawa za maumivu, kutolewa nyuzi na kurudi kuangaliwa, maana iliyotajwa nusu huishia kuwa kubwa kuliko iliyotajwa nzima.

Popi sasa. Juni imeingia na baridi ya Iyunga unaijua kuliko mimi. Mnyama aliyetoka kwenye nusu kaputi hupoteza joto haraka, na huyu ametoka kwenye ugonjwa mzito. Alale ndani, juu ya gunia kavu lenye blanketi, mbali na sakafu ya saruji. Chupa za maji ya moto zifungwe kwenye kitambaa kabla ya kumwekea ubavuni, zisimuunguze. Jiko la mkaa usimwekee kwenye chumba kilichofungwa. Hewa ile yenye sumu inayoua watu kila msimu wa baridi inaua na mbwa.

Asijilambe. Kama hukupewa kola, chukua ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako shingo ipite, zungushia kitambaa kwenye ukingo uliokatwa, toboa matundu manne upitishe kamba kwenye mkanda wake. Ataonekana kituko na atagonga milango siku mbili tatu. Hakikisha tu anafikia bakuli. Fulana ya mtoto iliyofungwa fundo mgongoni inasaidia mchana, lakini mbwa mwenye nia huitafuna usiku.

Kidonda kitazame asubuhi na jioni, kwa macho. Uvimbe kidogo na wekundu siku za mwanzo ni kawaida. Usaha, harufu, ukingo kuachana, au kitu kinachochungulia katikati ya nyuzi, hiyo funika kwa kitambaa safi kilicholowanishwa na umpeleke saa hiyohiyo. Usimwogeshe, asiruke ukuta, atembee kwa kamba tu mpaka nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi ya 14. Usipake majivu, oili chafu wala unga wa vidonge vya tetrasaiklini. Nzi wakianza kutua, funza hawako mbali, basi usafi wa pale anapolala ndiyo dawa.

Dawa za maumivu ni zile ulizopewa na daktari peke yake. Hapa naomba kila mwenye paka asome mara mbili: Panadol inaua paka. Kidonge kimoja kinatosha, kwa sababu ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol, na damu yake inashindwa kubeba hewa. Fizi zinageuka rangi ya matope na uso unavimba. Mbwa naye usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya kwenye droo. Hutoboa tumbo na kuua figo.

Wifi yako wa Makambako hakudanganywa hata kidogo. Ulivyosema, mbwa wetu wanatafuna magunzi tangu zamani, na kutafuna hakuna shida. Shida ni kumeza kipande kizima, hasa gunzi la muhindi wa kuchoma lililobaki na ladha ya chumvi na ndimu. Tumbo la mbwa haliliyeyushi. Linapita mpaka kwenye utumbo mwembamba, linakwama, na utumbo unaanza kufa pale lilipobana. Mbwa anatapika kila anachokula, baadaye hata maji, hapati choo, watu wanampa dawa ya minyoo siku tatu. Gunzi mara nyingi halionekani vizuri hata kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo ukimwambia daktari "tulikula mahindi ya kuchoma Jumapili" umemsaidia kuliko mashine. Likitolewa mapema ni tundu dogo linaloshonwa. Likichelewa, kipande cha utumbo kinakatwa na hapo uwezekano wa kupona unashuka. Kwa paka adui ni uzi wa cherehani, mara nyingine na sindano yake. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Unaweza kuwa umejifunga chini ya ulimi huku mwisho wake uko utumboni, na ukivuta unakata utumbo kama msumeno.

Mengine yanayoleta wanyama kwenye kisu nitayapita haraka. Jipu la paka aliyepigana linafunguliwa na kuoshwa. Sikio la mbwa lililojaa damu kwa kujikung'uta linatobolewa na kushonwa, na kilichokuwa kinawasha ndani kinatibiwa. Mfupa uliovunjwa na bodaboda, ukishindikana, mguu unakatwa, na mbwa wa miguu mitatu anakimbia vizuri tu, wanaoumia roho ni wenyewe. Jike anayesukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila kutoa mtoto, au aliyetoa majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, hana muda wa kungoja kuche. Kukata mikia na masikio ili mbwa awe mkali sikuhesabu humu. Haimfanyi mkali, inamfanya asiye na mkia.

Mjumbe nimemwacha mwisho kwa sababu kazi yake ni ndogo kweli, kijana hakukosea hapo. Chini ya usingizi ni dakika chache, vidonda viwili vidogo ambavyo mara nyingi hata havishonwi, na baada ya wiki moja amesahau. Atapunguza kuzurura, kupigana na kunyunyizia mkojo kwenye makochi ya watu. Ila uwajue madume hawa kwa jambo moja, wawe wamehasiwa au la: mkiona paka dume anachuchumaa mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki au unatoka tone, msifikiri amefunga choo. Njia ya mkojo imeziba, na bila kuzibuliwa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu.

Siku ya miadi mbebe kwenye tenga la kuku lenye kitambaa juu, si kwenye kiroba. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile chochote, maji yabaki mpaka asubuhi, kwa sababu zailazini hutapisha na matapishi yakiingia kwenye mapafu yanaua. Mfungie ndani kabla ya magharibi, madirisha yote. Akitoroka akarudi alfajiri na panya mdomoni, mpigie daktari mpange siku nyingine.